Mwavuli Uani kwa Anatolia

Gamaliel alitoka Bukoba na mwavuli mkubwa begani, aliopewa na Mzungu aliyemwajiri kama mpishi, siku Mzungu yule alipofunga mizigo kurudi kwao. Kitako cha chuma cha kuusimamishia mwavuli kilibaki mjini. Utingo wa lori alikataa kukipakia. Si neno, angechimba shimo. Siku ya ubatizo wa mtoto wa dada yake, mama yao Anatolia angekaa kivulini, na Muleba nzima ione.

Asubuhi aliunga vipande viwili vya mti wa mwavuli, akakaza skrubu, akausukuma mwavuli juu mpaka mbavu zikatanuka, akapachika pini. Kuchimba ndiko kulikomshinda. Alikwisha kuvaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na udongo wa uani ulikuwa mwekundu. Akachimba shibiri moja tu, akasimamisha mti, akashindilia kwa kisigino, akatandaza juu yake nyasi mbichi zilizoletwa kutandikwa uani kwa karamu.

Dada yake Klaudia akauliza, "Shimo limefika? Na kamba je?"

"Limefika. Wazungu hawafungi kamba, dada. Unataka niufunge kama mbuzi?"

Watu wakacheka.

Mchana upepo ukavuma kutoka ziwani. Rweyemamu, mume wa Klaudia, alikuwa akipita na kibuyu cha pombe ya ndizi. Akajikwaa, bega likagusa mti. Mwavuli ukang'oka mzima mzima, ukamwangukia Anatolia aliyeketi chini yake na kumvunja mkono.

"Mlevi wee! Umemuua mama mkwe wako!" wageni wakapiga kelele.

Rweyemamu, ambaye kwa heshima ya ukwe hakuwahi hata kumtazama mama yule usoni, alipiga magoti akilia. Kashaija, kaka yake Anatolia, hakumsikiliza.

"Klaudia, utabaki hapa. Kwa huyu hurudi."

Klaudia alimkumbatia mtoto. Gamaliel alijitazama: kanzu haikuwa na doa hata moja.

"Mjomba, Rweyemamu hana kosa. Shimo sikulichimba likafika. Niliogopa kuchafua kanzu."

Machela ililetwa, Anatolia akalazwa.

"Mkwe wangu, inuka," alisema kwa taabu. "Shika mbele."

Gamaliel akanyoosha mkono ashike nyuma.

"Mae, mama yangu, nisamehe."

"Huyo asinibebe," mama akawaambia wengine.

Wakashika njia ya hospitali. Gamaliel akafuata nyuma, mikono mitupu.