Karakana Iliyosema Hapana

Mama yangu alipostaafu uhasibu kwenye kampuni ya mabasi, wenzake walimkatia keki, wakampa saa ya ukutani na kumwambia akapumzike. Kupumzika kukamshinda mapema. Akageukia kumkagua Baba: mbona sukari imekwisha upesi, nani ameacha taa ya uani inawaka mchana kutwa, na risiti ya dukani iko wapi? Mtaani walimwita Mama Risiti tangu mimi niko shule, na hawakumsingizia.

Baba alikuwa amepooza upande mmoja, akitembelea kiti cha magurudumu. Kiti kilipovunjika ekseli, Mama alikibeba kwenye mkokoteni wa kukodi hadi karakana moja nyuma ya soko, ambako watu wenye ulemavu walitengeneza viti, magongo na miguu ya bandia. Siku hiyo nilikuwa naye. Tulipokelewa na kiongozi wao, mwanamume wa makamo mwenye mabega ya mbeba mizigo na miguu myembamba iliyopigwa na polio utotoni.

"Karibuni. Mimi ndiye mwenyekiti," alisema, akakipiga kofi kiti chake. "Kwa kuchaguliwa na kwa kukaa."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Ekseli ikachomelewa tukiona. Alipofungua pochi, Mwenyekiti akamzuia kwa mkono.

"Rudisha, mama. Hapa ni bure."

"Bure kwa kila mtu?"

"Kila mtu."

"Hata hospitali kubwa ile ya barabarani?"

"Hata wao. Wanatuletea viti lori zima, tunatengeneza, wanachukua."

"Na nyinyi mnakula nini?"

Mwenyekiti akajifanya anatafuta bisibisi. Aliyejibu ni mshonaji, dada mmoja mwenye gongo aliyekuwa akishona mito ya viti. Alisema kulikuwa na mfadhili mmoja wa mbali aliyelipa kila kitu, pango, umeme na mishahara, lakini amewaandikia kwamba sasa anahamia kwenye miradi ya maji. Wamebakiwa na hela ya kusukuma miezi michache tu.

Njiani Mama alipiga hesabu kwa vidole. Asubuhi yake akavaa viatu vyake vya kazini, akarudi karakana.

Si kwamba walimfurahia. Alipowaambia kwamba wenye uwezo walipe ili wasio nacho waendelee kupata bure, Mwenyekiti alikuja juu.

"Mama, sisi si duka! Sisi ni huduma."

"Mwanangu, hospitali inamlipa anayefyeka majani yao. Inamlipa anayewafulia mashuka. Wewe unayewatengenezea viti vya wagonjwa, umewakosea nini?"

Mafundi wakaangua kicheko. Mwenyekiti naye akajikuta anatabasamu, ingawa alinuna tena mara moja ili asionekane ameshindwa.

Walikwenda hospitalini pamoja, yeye na Mama. Mganga mkuu alizoea kuwapa ahsante na soda. Safari hii Mwenyekiti alimwomba mkataba. Bei yao ilikuwa nafuu kuliko kununua viti vipya, na mganga mkuu alilijua hilo, akatia sahihi. Baadaye zikaja shule mbili za kulipia, kisha uwanja wa ndege. Mshonaji akaanza kuuza mito yake kwa madereva wa malori wenye maumivu ya mgongo, na ikagombaniwa.

Katika kila malipo, Mama aliwalazimisha kutenga fungu wasiloligusa. Akaunti yenyewe ilihitaji sahihi tatu, na yake haikuwamo.

"Mbona wewe hujiweki?" aliuliza mshonaji.

"Mimi ni mpita njia. Nyinyi ndio wenye nyumba."

Fungu lile liliwatia tamaa kweli. Kuna fundi alitaka wanunue televisheni, mwingine bango la taa. Wakapiga kura, wakakataa. Kisha hospitali ikachelewesha malipo msimu mzima kwa sababu bajeti yao ilikwama huko juu. Zamani karakana ingefunga. Safari hii mishahara ilitoka kwenye fungu, kila mtu akapata chake, na hospitali ilipolipa, walijaza pale walipochota.

Ndipo, siku moja nilipomsindikiza Mama, akaja tajiri mmoja mwenye viwanda, na wapiga picha wake. Alizunguka karakana, akasifia kila kitu, kisha akatoa ahadi iliyotufanya tutazamane: viti vipya kwa watu wote waliokuwa wakisubiri zamu ya kupata kiti cha bure, na gharama zote za mwaka. Sharti lilikuwa dogo, alisema. Viti vitagawiwa uwanjani. Kila atakayepewa apande jukwaani, au apandishwe, aeleze shida zake mbele ya kamera, kisha ashukuru.

Mwenyekiti alisogeza kiti chake hadi mbele ya tajiri.

"Mzee, kiti changu cha kwanza nilipewa hivyo," alisema. "Nilikuwa mtoto. Waliniambia nitambae kidogo kwanza, ili picha itoke vizuri. Nikatambaa. Mama yangu alikuwa pale pale, akiangalia."

Tajiri akakohoa, akasema siku hizi mambo hufanywa kistaarabu.

Mwenyekiti akamgeukia Mama. Nilidhani Mama angesema neno, lakini alitikisa kichwa.

"Usiniangalie mimi, baba. Hili ni lenu, na mnaweza kuliamua."

Wakatoka uani kujadiliana, mafundi wote. Tulisikia sauti ya mshonaji ikipanda: wanaosubiri zamu je, wataendelea kutambaa hadi lini? Walirudi nyuso zikiwa nzito.

"Tunakushukuru," Mwenyekiti alimwambia tajiri. "Ukitaka kutoa bila jukwaa, mlango uko wazi. Kwa jukwaa, hapana. Zamu tutaimaliza wenyewe."

Tajiri akaondoka, viti vyake tukaviona gazetini, vimepewa watu wa kwingine. Mshonaji alinuna wiki nzima. Lakini alishona, na wenzake walichomelea hata Jumapili, wakitumia sehemu ya akiba kununua vyuma. Zamu ilikwenda polepole mno kwa wanaosubiri, sitadanganya, ila ilikwisha. Kila kiti kilipelekwa nyumbani kwa mwenyewe, akakalishwa sebuleni kwake, na jamaa zake tu ndio walioshuhudia.

Habari zikasambaa. Vikundi vingine vidogo vikaanza kuja karakana Jumamosi kujifunza: wanaoendesha maktaba ya watoto, wanaotunza wazee, wajane wenye kituo cha kulelea watoto. Wengi wao walitegemea mfuko mmoja kama karakana zamani. Nilikwenda siku moja kumchukua Mama, nikamkuta ameketi benchi la nyuma kabisa, mikono mapajani, na Mwenyekiti yuko mbele anafundisha, anafuta ubao kwa kitambaa cha grisi. Mjane mmoja akauliza swali gumu kuhusu kutenga akiba wakati hata pango halitoshi, na alikuwa amemgeukia Mama.

"Muulize mwalimu," alisema Mama.

Mwenyekiti akajibu, taratibu, kwa mifano ya hapo hapo. Mama akaniegemea sikioni.

"Umemsikia? Miaka yote pale kwenye mabasi sikuwahi kulieleza vizuri hivyo."

Nilimwambia twende, Baba anasubiri. Hakuinuka mpaka somo likaisha.