Godoro la Mahameli

"Toa misumari mdomoni kwanza, Baba. Sikusikii."

Ndivyo zilivyoanza simu zote za binti yake. Fundi makochi hubana misumari midogo kwa midomo ili mikono ibaki huru, mmoja uvute kitambaa, mwingine upige nyundo, na huyu alikuwa amezoea mno, hata mezani alizungumza kama aliyebana kitu. Akaitema kiganjani.

"Nimetoa. Nasema nimenunua sungura."

Tangu mama yake azikwe, binti alikuwa akiishi kwa mama mdogo, na kila akiulizwa atarudi lini, jibu lake lilikuwa lile lile: nyumba ile imekuwa kimya sana.

"Sungura wa kweli?"

"Wa kweli. Mweupe, sikio moja lina doa jeusi."

"Amekuzoea?"

"Ndiyo kwanza amefika."

Ukoo mzima ulimwita binti huyu Hakimu, kwa sababu tangu akiwa na meno ya utoto hakuwahi kukata shauri kabla ya kusikiliza pande zote. Alifikiri, kisha akasema, "Basi siku atakayopanda mwenyewe mapajani mwako, bila kushikwa, nakuja na begi langu. Sungura hadanganyiki."

"Umesema?"

"Nimesema. Na usimfunge kamba."

Muuza sungura alikuwa amempa gunia la nyasi kavu za kumtandikia. Fundi aliitikia kwa heshima, lakini alipofika karakanani akaziangalia zile nyasi, akamwangalia mnyama, moyo ukakataa. Maisha yake yote alikuwa akiwakalisha watu mahali laini. Leo mgeni wake mwenyewe alale kwenye majani? Gunia akalisukuma nyuma ya mlango. Akaunda kibanda cha mbao, akashona godoro dogo la mahameli ya kijani iliyobaki kwenye kochi la mteja, akalijaza zile nyuzi nyeupe za plastiki anazojazia mito. Pembeni alikunja kitambaa mara mbili, kama anavyofanya kwa mteja mwenye jicho kali.

Fundi redio wa mlango wa pili alikuja kushangaa.

"Jirani, mimi kiti changu kinanichoma matako mwaka mzima, wewe unamshonea sungura mahameli?"

"Kiti chako si umekataa kukileta."

"Naogopa bei. Huyu kalipa nini?"

"Huyu atanirudishia mtu," fundi alisema, na jirani yake hakutania tena.

Alimwendea sungura kama anavyoliendea kochi kuukuu asilolijua: haanzi kwa kulibandua, anaanza kwa kulitazama. Kila akimaliza kazi alikaa sakafuni, mbali, mgongo ukiwa umeelekea kibandani. Baadaye akakaa ubavu. Baadaye akanyoosha mkono wenye kipande cha karoti na kuuacha hapo mpaka bega likauma. Sungura alipiga sakafu kwa mguu wa nyuma kwa hasira, akamng'ata mkono wa shati, akarudi ndani. Fundi hakumlaumu.

Sakafuni pale hakuwa na misumari mdomoni, na ukimya ulimwelemea, basi akaanza kuzungumza. Alimsimulia sungura habari za mteja aliyekaa juu ya kochi lenye gundi mbichi. Alimwambia kwamba kandambili za mkewe bado ziko chini ya kitanda, kwamba akifagia huzizunguka. Lile sikio lenye doa lilimgeukia. Siku moja pua baridi ikagusa kidole chake, nyingine karoti ikaliwa mkononi, na fundi akashangaa kujisikia akicheka peke yake.

Kisha, asubuhi moja, sungura alitoka kibandani taratibu, akasogea mpaka kwenye mguu wake, akapanda mapajani, akajikunja kama bonge la uzi. Akawa anasaga meno. Muuza sungura alikuwa amemweleza: akisaga meno, ujue ameridhika. Fundi hakuthubutu kupumua kwa nguvu. Akavuta simu kwa ncha za vidole.

"Amekaa," alinong'ona.

"Hujamshika?"

"Mkono mmoja una simu, mwingine uko sakafuni."

"Nakuja."

Alikuja na mama yake mdogo. Fundi alikuwa bado palepale, miguu imekufa ganzi.

"Shemeji, umekonda," mama mdogo alisema. "Sungura ananenepa, wewe unakwisha."

Hakimu aliliacha begi kizingitini, akaja kwa magoti, akicheka kwa mkono mdomoni. Halafu kicheko kikakatika.

"Baba, mbona hachezeshi pua?"

"Ametulia."

"Amekula nini leo?"

Fundi aliangalia bakuli. Karoti ilikuwa imesinyaa. Majani ya jana yalikuwa pale pale.

Hakimu akapitisha vidole chini ya manyoya. "Tumbo lake gumu."

Mama mdogo alikuwa ameinama kibandani. Aliligeuza godoro. Pembe moja ilikuwa imetafunwa, na ndani hakukubaki ila mahameli matupu. "Shemeji, vilivyokuwa humu viko wapi?"

Fundi redio ndiye aliyekimbilia daktari wa mifugo. Daktari alimbonyeza sungura, akatikisa kichwa. Mnyama huyu hatapiki, alisema. Akimeza kitu lazima kipite, na hizi nyuzi hazipiti.

"Lakini alikuwa anasaga meno," fundi alisema.

"Akiridhika husaga kidogo kidogo. Akisaga hivi, akajikunja hivi, anaumwa. Sungura akiumwa hapigi kelele."

Alikufa mapajani mwa fundi, daktari akiwa bado ananawa mikono.

Hakimu hakulia. Alilaza kiganja juu ya lile sikio lenye doa. "Mama naye alikaa hivi hivi," alisema polepole, bila ukali. "Ukasema anapumzika."

Fundi alifumbua mdomo. Hamkuwa na msumari hata mmoja, na hakikutoka kitu.

Walimzika sungura nyuma ya karakana. Fundi alikuja na kipande kipya cha mahameli, lakini binti akalivuta gunia kutoka nyuma ya mlango, akatandika nyasi shimoni kwa mikono yake mwenyewe, akazisawazisha vizuri. Kisha akanawa, akaliokota begi kizingitini. Halikuwa limeingia ndani.

"Utanipigia?" fundi aliuliza.

"Nipigie wewe."

Alisubiri mpaka alipokadiria wameshafika, akapiga. Mama mdogo ndiye aliyepokea. Nyuma yake zilisikika sauti za watoto, na moja aliijua.

"Amelala, shemeji."

Nje jua lilikuwa bado linawaka juu ya mabati. "Haya," alisema. "Mwache apumzike."

Akakaa mbele ya kochi la mteja, akachota misumari, akaipanga midomoni mmoja mmoja mpaka ikajaa.