Yalikokwenda Marekebisho ya Lorna Hautala

Jumanne ya pili ya Februari, saa tatu na robo asubuhi, Lorna Hautala alikuwa katikati ya kikombe chake cha pili cha kahawa simu ilipolia, na hakuhitaji kuuliza ni nani. Alikuwa Toivo Niskanen, mzee wa miaka themanini na moja, anayeishi na mkewe katika nyumba ya magurudumu, kiwanja namba 14B, nje kidogo ya mji wa Torvik, kaskazini kabisa mwa Minnesota. Tangi lao la gesi lilikuwa limekauka. Mkewe, Helmi, alivunjika nyonga mwezi wa kumi na mbili, na tangu hapo hatoki kitandani.

"Wamenikataa tena, binti," alisema Toivo. "Mara ya sita hii."

"Helmi anaendeleaje?"

"Amevaa makoti yangu yote mawili. Mimi nimebaki na la kanisani."

Lorna alikuwa mtunza programu ya kompyuta katika Mfuko wa Joto, ofisi inayowapa wasiojiweza gesi ya kupashia nyumba wakati wa baridi. Programu ndiyo inayokubali na ndiyo inayokataa. Kazi ya binadamu pale ni kuwaambia wenzao programu imesemaje. Kosa alikuwa ameshaliona. Mahali pa kujaza namba ya nyumba, programu ilitaka tarakimu tupu, na viwanja vya nyumba za magurudumu vyote vina herufi. Kwa hesabu ya programu, 14B si nyumba, na asiye na nyumba hana cha kupashiwa joto. Ni mstari mmoja tu. Lorna aliusahihisha wiki iliyopita, akaijenga upya programu ili sahihisho liingie, kompyuta ikamwambia hakuna kosa hata moja, naye akaenda zake nyumbani. Kesho yake mzee akakataliwa vilevile.

Jamani, kuna uchovu wa kuchimba mtaro, na kuna uchovu wa kurekebisha kitu, ukahakikishiwa kimerekebika, ukakikuta vilevile. Huu wa pili hauishi kwa kulala. Lorna alikuwa nao miaka thelathini na moja.

Akafanya wanachofanya watu wote wa kazi hiyo wakikwama. Aliandika mstari wa kupiga kelele mwanzoni kabisa, ili programu ikiamka tu iseme NIMEFIKA 1. Akaijenga, akaiamsha. Kwenye skrini hakukutokea kitu.

"Lorna," akaita Duane Brekke wa meza ya pili, akiwa ameshika kipande cha mkate. "Hii ni yako?"

"Inasemaje?"

"Nimefika moja."

"Yangu hiyo."

Duane akaupaka mkate siagi ya karanga juu ya maandishi, akala. Lorna akaongeza mistari mingine. Namba mbili ilitokea kwenye barafu ya dirisha la chooni. Namba tatu ilipita barabarani ubavuni mwa greda la theluji. Namba nne ilimtokea bosi wao, Marlys Engebretson, kwenye mkono wa kushoto. Aliitazama, akashusha mkono wa sweta, akaendelea na simu yake. Kabla ya saa sita tangazo lilikuwa limebandikwa karibu na mashine ya kahawa: wanaojaribu programu wanaombwa wasizidi mara tano kwa siku, kwani wafagizi wanaelemewa na madirisha.

"Kumbe yanafika," Duane alisema. "Hayafiki unakotaka wewe tu."

"Hilo nimeliona, Duane. Asante."

Mchana akaurudia ule mstari wa herufi, safari hii polepole, akiusoma kwa sauti mara tatu. Akajenga. Hakuna kosa. Saa kumi kasorobo Toivo akapiga simu.

"Binti, umefanya nini?"

"Kwani vipi?"

"Nimekwenda duka la dawa nikakuta limefungwa. Nimesogea tu, mlango ukafunguka. Nikapita benki, wakati walishafunga, ukafunguka. Kwa mchungaji ukafunguka, naye maskini yuko bafuni."

"Ukaingia?"

"Benki niliingia, nikaota joto kidogo. Watu waungwana wale, wamenipa biskuti."

"Na gesi?"

"Wamekataa. Mara ya saba."

Kuanzia siku hiyo hapakuwa na mlango Torvik uliomzuia Toivo Niskanen. Watu walizoea upesi. Akina mama walianza kumwekea sahani ya viazi na nyama pembeni ya jiko, maana huwezi kujua ataingia saa ngapi. Lakini ombi la gesi lilikuwa na jina la mzee peke yake, kwa hiyo Helmi hakufunguliwa na mlango wowote, na hata angefunguliwa, nani angembeba na nyonga ile? Toivo alikuwa anaota joto dakika kumi kwenye nyumba ya mtu, anakumbuka, anaondoka.

Jumatano na Alhamisi Lorna alitafuta. Alipekua folda moja baada ya nyingine mpaka macho yakamwasha, na Alhamisi jioni akapata. Programu aliyokuwa anaijenga haikuwa ile inayoendeshwa. Mashine ilikuwa inaendesha nakala, na nakala ilikuwa kwenye folda iitwayo WENDELL YA MUDA. Wendell Stroud, mtunza programu mwenzake wa zamani, aliiweka humo Ijumaa moja miaka ishirini na sita iliyopita, alipokuwa anakwenda kuvua samaki kwenye barafu na hakutaka kitu kiharibike nyuma yake. Alikusudia kuiondoa Jumatatu. Sasa yuko Arizona, anacheza gofu, na folda ina kufuli ambalo ufunguo wake anao bosi tu.

Hilo halikumuuma sana. Kilichomuuma ni alichokiona alipokwenda chini ya ule mstari, mahali ambapo, kwa desturi ya ofisi, kila anayegusa huacha jina na mwaka. Rosalind, 1999: nimerekebisha, herufi zinakubalika. Kent, 2006: nimerekebisha. Bernice, 2013: nimerekebisha. Wote walijenga, wote wakaambiwa hakuna kosa, wote wakahama au wakastaafu na roho nyeupe. Lorna akakumbuka kwamba ni 2006 ndipo daraja la bandarini lilipoinuka wiki nzima kwa kila mashua yenye herufi, na watu wakazungukia barabara kuu bila kulalamika. Aliinamisha kichwa mezani, akalia kidogo, akapenga kamasi, akaenda kwa Marlys.

"Ni kunakili faili moja," alisema. "Fungua tu hiyo folda. Dakika moja."

"Tumefunga marekebisho ya msimu wa baridi, mpenzi. Mashine haiguswi mpaka tarehe kumi na tano Aprili. Wewe mwenyewe ulinyoosha mkono kwenye kikao."

"Nilinyoosha, ndiyo. Marlys, baridi ikiisha hakuna anayeomba gesi. Tunafungua wakati hakuna wa kukataliwa."

"Ndiyo maana ni salama."

"Kuna mama wa watu kitandani, nje ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri."

"Najua. Naumia, usidhani siumii." Na kweli alikuwa anaumia, machozi yalimlengalenga. "Lakini hebu tuisome fomu yako ya marekebisho. Umeandika: mwenye kiwanja cha herufi akubaliwe. Sasa anakubaliwa, hakubaliwi? Jana nimemwona kwa macho yangu anaingia maktaba, na ilikuwa imefungwa."

"Programu haijamkubali!"

"Fomu haikusema akubaliwe na nani."

Marlys akachukua muhuri, akapiga IMEKAMILIKA, akampa Lorna nakala yake. Lorna alitamani kuirarua. Aliikunja, akaitia mfukoni, kwa kuwa nakala hutakiwa mwisho wa mwezi.

Ijumaa baada ya kazi alipakia mablanketi manne na sufuria ya supu kwenye gari. Toivo alikuwa anamsubiri ndani ya ofisi. Geti la kadi lilikuwa limemfungukia. Waliendesha hadi 14B. Mzee akashuka, akasogelea mlango wake, akasimama. Haukufunguka.

"Huu haukutambui?" Lorna aliuliza.

"Unanitambua vizuri. Umeganda. Ndani hakuna joto la kuulegeza."

Wakaweka mabega, yeye na mzee, wakasukuma. Mara ya kwanza haukutikisika. Mara ya pili kitasa kilimbakia Toivo mkononi. Mara ya tatu ukaachia upana wa mtu mmoja, wakapenya ubavu ubavu na sufuria yao. Humo ndani pumzi zao zilionekana.

"Ni watu wa gesi?" sauti ya Helmi ikauliza kutoka chini ya nguo.

"Ni binti wa ofisini," Toivo alisema.

"Kaja na jibu?"

Lorna akafunua blanketi la kwanza, akamfunika miguu, akamkunjia pembeni vizuri ili upepo usipite.

"Aprili, mama," alisema. "Wamesema Aprili."

Helmi alikuwa anahesabu wiki kwa vidole, ndani ya glavu.