Mpira wa Baiskeli Mwambani

Muhigirwa hakuja mwambani kutazama sherehe ya upandaji. Alikuja kumvunja meno shefu Delphin, msimamizi wa wapandaji.

Mwaka jana mke wa Muhigirwa, Antoinette, alikuwa akisafisha mwamba huo huo juu ya ziwa, akiondoa mawe yaliyolegea, akining'inia kwenye mkanda uliochakaa ambao Delphin alikataa kuutupa. Mkanda ukakatika. Antoinette akazikwa Mibirizi, Delphin akapandishwa cheo. Ndivyo wakubwa wanavyolia misiba ya watu wadogo. Leo wageni walikaa chini ya turubai, soda mkononi, na juu ya vichwa vyao Divine, binti wa Muhigirwa na marehemu, alikuwa akipanda wa kwanza, kamba kiunoni. Kazi nyingine alikosa.

"Papa Divine, toka apa," Delphin alinong'ona, tabasamu likiwaelekea wageni. "Bakubwa banaona."

"Baone! Ulikula mama, sasa unataka mutoto?"

Ngumi ikampata Delphin puani. Damu ikaruka kwenye shati jeupe. Delphin akajibu kwa goti la tumbo, wakaangukia kokoto nyuma ya turubai, wakang'ang'aniana kama mbwa. Mkono wa Muhigirwa ukanasa degeni kiunoni mwa Delphin, ule mkanda mfupi wenye kulabu ya chuma kila ncha, unaotundikwa mwambani kushika kamba ya mpandaji. Akauvuta amnyonge nao.

Ukaachana. Kulabu huku, mkanda kule, na mpira mweusi wa tyubu ya baiskeli ukaruka katikati.

Wakaganda wote wawili. Rusizi nzima hufunga mizigo ya baiskeli kwa mpira ule, ndizi kwa magodoro. Delphin naye, akiharakisha kwa ajili ya wageni, alikaza kulabu kwa mpira zisichezecheze. Kulabu hii haikupita ndani ya kitanzi cha mkanda. Ilishikwa na mpira tu.

"Degeni za kule juu nani alifunga?" Muhigirwa akauliza.

Delphin akainua macho mwambani.

Huko juu Divine alikuwa anahema. "Mbarushimana!" akamwita aliyemshikia kamba chini. "Kaza kamba, niikalie nipumuzike!"

Muhigirwa akafungua kinywa, kiganja cha Delphin kikakiziba. "Nyamaza, mzee! Bakijua, nimekwisha. Atafika tu."

Muhigirwa akauma kidole mpaka meno yakagusa mfupa. Akauma tena. Delphin akapiga yowe, akamponda kichwani kwa jiwe, mara mbili, lakini kinywa kilishakuwa huru.

"Divine! Usikalie kamba! Degeni ni mpira tu! Shuka na mikono!"

Binti akajibana mwambani. Akashuka ufa kwa ufa, ngozi ya vidole ikibaki kwenye mawe. Alipokanyaga chini wageni wakapiga makofi; walidhani ndiyo onyesho lenyewe.

Makofi yalikuwa hayajaisha alipozunguka turubai. Baba yake alilala kifudifudi, akikoroma damu. Jiwe lilikuwa kando yake.

Divine akaliokota.

"Ngoja, Divine," Delphin alisema, akiinua mkono wenye kidole kilichoning'inia. "Tuongee."

Hakungoja.