Kwezi wa Kulpash

Mwaka ule kwezi wa kwanza walirudi theluji ikiwa bado imelala upande wa kaskazini wa kila ukuta. Ndege wa baridi walikuwa hawajaondoka. Wale wenye kishungi na koo jeusi waliendelea kudonoa matofaa yaliyoganda mitini, na kunguru waliofika juzi kutoka kusini walipekua jaa nyuma ya mazizi. Mimi hufundisha biolojia katika shule ya kijiji, na kila mwisho wa baridi huwaambia wanafunzi wachunguze masanduku ya kwezi tuliyoyatundika. Asubuhi hiyo nilitazama la jirani yangu Kulpash, kwa kuwa nilikuwa uani kwake nikisaidia mapishi.

Palikuwa na harusi Ijumaa. Raushan, mkwe wa Kulpash, angerithiwa na shemeji yake, Maksut. Mumewe, Berdibek, alikwenda Urusi kujenga maghorofa, na majira ya baridi ya mwaka juzi Kulpash akatuambia amepigiwa simu: lori lililombeba mwanawe lilipasua barafu ya mto na kuzama. Mwili haukupatikana. Tulimsalia bila jeneza, na mwaka ulipotimia farasi alichinjwa, watu wakala, wakamwombea. Raushan hakumtaka Maksut, wala Maksut hakuonyesha kumtaka yeye. Lakini Kulpash alisema mbele ya ukoo mzima kwamba mjane akitoka nyumba ile atatoka peke yake; watoto watabaki. Raushan ana watoto wawili. Akakubali.

Tulikuwa tukikaanga baursaki, maandazi madogo ya sherehe, na jirani mwingine, Orinkul, ndiye aliyeshika mwiko.

"Raushan, huo unga unaukanda au unaubembeleza?" alitania. "Bwana harusi atasema kapewa mke asiye na mikono."

"Bwana harusi nilimkuta hapa na kamasi puani," Raushan alijibu. "Nikamfuta kwa mikono hii hii."

Tukacheka, hata Kulpash. Kisha tukausikia mluzi.

Sauti tatu zinazopanda, na ya nne inayovunjika. Berdibek alikuwa na pengo mbele, jino liling'olewa na kwato ya farasi, na mluzi wake ulivunjika hapo kwenye pengo. Aliupiga kila alipokaribia nyumbani ili mbwa asibweke. Vijana wengi walijaribu kuuiga, hakuna aliyeuweza.

Bakuli lilimtoka Raushan mikononi. Mbwa mzee alichomoka chini ya mkokoteni akitikisa mkia. Raushan akakimbilia lango la mbele, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, akalifungua kwa mikono yenye unga. Barabara ilikuwa tupu.

Mluzi ukarudi, safari hii juu ya vichwa vyetu. Kwezi alikuwa amesimama juu ya sanduku, manyoya ya koo yamemsimama, mabawa yakimtetemeka.

"Astaghfirullah," Orinkul akanong'ona. "Ndege kaja na sauti ya marehemu."

Mimi nilikuwa nikimtazama Kulpash. Sikuwa na shaka naye wakati huo. Tulikaa mkabala tu. Mama aliyefiwa akisikia mluzi wa mwanawe angetazama barabarani, kama Raushan, au angelia. Kulpash alitazama lango la nyuma, linaloelekea zizini. Alilitazama mara moja, kisha akarudisha macho kwenye sufuria.

"Baursaki zinaungua," akasema.

Mchana Raushan alikuja kwangu. Uso wake ulikuwa bado mweupe.

"Mwalimu, niambie kweli. Ni yeye?"

"Ni kwezi."

"Najua ni kwezi, sina wazimu. Nauliza kaupata wapi ule mluzi. Hawa wanatoka kusini. Berdibek alikwenda kaskazini."

Lilikuwa swali la maana, nikalijibu kama ninavyowajibu wanafunzi. Kwezi huokota sauti za mahali anapozalia, na dume hupenda kurudi kwenye sanduku lake la mwaka uliopita. Lakini huweza pia kuokota sauti kutoka kwa kwezi mwenzake, aliyemsikia Berdibek miaka ya nyuma. Mluzi wa mtu unaweza kubaki kijijini baada ya mwenyewe kuondoka.

"Kwa hiyo amekufa."

"Kwa hiyo ndege hajatuambia lolote."

Ng'ambo ya ua yule kwezi alianza tena, na sasa hapakuwa na kelele za mapishi. Tukamsikiliza mpaka mwisho. Baada ya mluzi ulikuja mkwaruzo mrefu wa chuma, ukakatika, ukaendelea, kisha kishindo kidogo. Akarudia: mluzi, mkwaruzo, kishindo. Hakubadilisha mpangilio.

"Hilo ni lango letu la nyuma," Raushan akasema. Ghafla akanishika mkono. "Mwalimu, lile la mbao lilichukuliwa na maji ya theluji mwaka jana. Hili la chuma liliwekwa baada ya hapo. Berdibek tulikuwa tumeshamsalia!"

"Mwaka jana kwezi wakitaga, wewe ulikuwa wapi?"

"Kwetu, na watoto. Mama mkwe alisema nimechoka na msiba, niende nikapumzike mwezi mzima. Nilimbusu mkono kwa wema ule."

"Kwezi anaweza kuunganisha sauti mbili alizozisikia nyakati tofauti," nikasema, kwa sababu ni kweli. "Bado si ushahidi."

"Wewe nyumba ikiungua utaudai moshi cheti."

Ndipo nikamweleza kuhusu lango ambalo mama mkwe wake alilitazama. Alikaa kitini kwangu akiukwangua unga mkavu vidoleni, kisha akaenda kukamua ng'ombe.

Siku iliyofuata, mkesha wa harusi, nilipeleka sinia zangu. Raushan alinipokea njiani, akanipitisha kwa nyuma makusudi. Akalisukuma lango la chuma. Halikutoa sauti. Lango ambalo mwaka mzima lilitukera majirani wote lilifunguka kimya. Raushan akapitisha kidole kwenye bawaba, akakinusa, akakileta puani kwangu. Mafuta ya mkia wa kondoo, laini bado, hata vumbi lilikuwa halijashika.

Uani Maksut alikuwa akitandika zulia, Orinkul akipanga bakuli, Kulpash akiwaelekeza. Kwezi juu ya sanduku alipiga mluzi, akakwaruza, akabamiza.

"Mama," Raushan akasema, "sasa lango lenye kelele limebaki la ndege tu. Lango hili umelipaka mafuta lini?"

"Jana. Tuna wageni, mwanangu. Unataka waingie kwa makelele?"

"Wageni wanapita mbele."

"Haya, nimekosa! Nimepaka lango mafuta, nipelekwe polisi." Kulpash alimgeukia Orinkul ili acheke, lakini Orinkul hakucheka.

"Mpigie," Raushan akasema.

"Nimpigie nani?"

"Marehemu. Na sote tumsikie."

Sikutegemea atii. Nilitegemea apige kelele, aapize, ajitupe chini. Alimtazama Maksut, na Maksut, ambaye kwa wiki nzima nilimsikia akizungumza na farasi tu, aliacha zulia na kuinuka.

"Mama, kesho nakaa mbele ya mulla. Kama huyu ni mke wa ndugu yangu aliye hai, unanifanya nini mimi? Mpigie."

Kulpash akaketi kwenye ngazi. Akatoa simu mfukoni. Hakutafuta namba, aligusa ya kwanza kabisa. Tukasikia ikiita, kisha mtoto mchanga akilia, na mwanamke akimbembeleza kwa Kirusi.

"Salama, Mama?" Pengo la jino lilisikika kwenye ile herufi ya kwanza. "Vipi, Raushan kakubali?"

Bakuli lilivunjika mahali fulani nyuma yangu. Mbwa alisimama mbele ya simu, masikio juu, akitikisa mkia.

Raushan aliinama karibu na mkono wa mama mkwe wake.

"Hajakubali," akasema.

Simu ikakatika upande wa pili.

"Ana mke huko, ana mtoto, alikuja mwaka jana kuniaga tu," Kulpash akaanza kwa haraka. "Ningefanyaje? Ungejua ungeondoka, nami ningewakosa wajukuu wangu. Wote ningewakosa! Raushan, usithubutu, watoto ni wa ukoo!"

Maksut alikuwa tayari ameshika funguo za gari.

"Baba yao umemzika mwenyewe, Mama," akasema. Kisha akamgeukia Raushan bila kumtazama usoni. "Shemeji, wavalishe makoti. Barabara ya kwenu ina barafu bado."