Somo Yangu Marlucia

Hospitali ya serikali pale Belém haimpasui mtu mnene tumbo ili apungue kabla hajakaa na wenzake. Ndiyo sheria yao. Unaandikishwa kwenye kikundi, unakuja kila mwezi, unasikiliza, unasema, unalia ukitaka, na ukikosa mikutano unarudishwa mkiani mwa foleni. Foleni yenyewe ni ya miaka. Tulikutana alasiri, saa ya mvua, kwenye chumba chenye viti vya plastiki vilivyopachikwa viwili viwili, kimoja juu ya kingine, visije vikavunjika chini yetu. Tulijiita wanene sisi wenyewe, kabla jirani hajatutangulia.

Kiongozi wetu alikuwa Daktari Tâmara, mwanasaikolojia, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza. Alipenda sana waliokwisha kupasuliwa warudi na suruali zao za zamani. Mtu husimama mbele, hutia miguu yote miwili ndani ya mguu mmoja wa suruali, hutaja kilo alizopunguza, nasi hupiga makofi mpaka viganja vikawaka. Yeye pia ndiye aliyempa kila anayesubiri somo yake, yaani mtu aliyemtangulia kisuni, wa kumshika mkono kabla na baada. Mimi, Odineia, mpishi wa shule mtaani Guamá, nilipewa Marlucia.

Marlucia alikuwa muuza takaka kwenye kona moja kule Jurunas, ule mchuzi wa moto wa muhogo wenye kamba wakavu na majani ya jambu, yale yanayotia midomo ganzi. Alikuwa amepasuliwa miaka mitatu nyuma. Alikuwa na mdomo, na mimi napenda watu wenye mdomo. Mara ya kwanza alinikuta nalia kwenye ngazi za hospitali. Daktari wa upasuaji alitaka nipungue kidogo ndipo anipasue, na mizani ilikuwa imepanda.

"Unamlilia nani?" akaniuliza.

"Mizani."

"Mizani haina masikio. Ulikula nini?"

"Asai," nikasema, ule uji mzito mweusi wa matunda ya mchikichi ambao kwetu ni chakula cha kila siku.

"Na unga wa muhogo?"

"Na unga."

"Na samaki wa kukaanga juu yake?"

"Marlucia, wewe mtu wa Belém kweli? Asai bila unga na samaki inalika vipi?"

"Inalika kwa kununa. Bakuli moja, hamna unga, hamna sukari, na umenuna. Mimi nilinuna mwaka mzima, mume akadhani nimepata bwana."

Tangu siku ile alinipigia simu kila jioni, saa ile mkate wa moto unapotoka dukani na harufu yake inaingia mtaa mzima. Aliijua saa hiyo. Alinisimulia upuuzi wa wateja wake, nani kamkopa, nani kamtongoza, nani kaunguza ulimi akamlaumu yeye, mpaka duka la mikate lifunge. Hakuna mtu duniani aliyewahi kunitetea dhidi ya mkate. Mume wangu Ademir alikuwa na neno moja tu, "Si ufunge mdomo?" kana kwamba mdomo ni mlango wa choo. Marlucia alijua kwamba hufungi, unashikiliwa tu mpaka tamaa ipite, na kesho unashikiliwa tena.

Nikapungua. Nikaitwa. Siku ya kupasuliwa Marlucia hakufungua biashara. Alikaa nami mpaka walipokuja na kitanda cha magurudumu.

"Ukiamka utanichukia wiki kadhaa," akaniambia. "Usijali. Na mimi nilimchukia wa kwangu."

Alisema kweli. Tumbo waliloniachia lilikuwa na ukubwa wa yai. Nilikunywa supu iliyochujwa kwa kikombe kile cha dawa ya mtoto, nikatapika nusu yake. Nywele zilibaki kwenye kitana. Ademir alikula samaki wake nje barazani ili nisisikie harufu, nikaisikia. Nilikuwa mpishi tangu usichana, na ghafla chakula kilikuwa kimenifia na hakuna aliyekuja kunipa pole. Hayo nilimwambia Marlucia peke yake, naye hakucheka. Alikuja kila alipopata nafasi, na supu yake na chupa yake ya maji, maana sisi tuliopasuliwa hatuachani na chupa. Maji hatuwezi kuyagugumia. Ni kufyonza kidogo kidogo kutwa nzima.

Siku moja chupa yangu ilikuwa tupu. Yake ilikuwa mezani, naye alikuwa jikoni akipasha supu. Nikaichukua nikafyonza. Midomo ikafa ganzi palepale, halafu moto ukashuka kooni mpaka kwenye kile kiyai changu cha tumbo. Nikainama nikatema kwenye beseni. Alipotoka jikoni alinikuta nimeishika ile chupa.

"Ni jambu," akasema haraka. "Mikono yangu ina jambu siku nzima, shoga, si unajua."

"Jambu hailevyi, Marlucia. Mimi mpishi."

Ilikuwa kashasa, pombe kali ya miwa, ile wanayoloweka majani ya jambu. Wageni wa mjini huinywa kwa kucheka, wakishikana midomo. Marlucia akakaa. Alikuwa mwanamke wa kanisani, ambaye hata bia ya harusini alikuwa akiishika tu mkononi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu sukari iliponikataa." Akaweka supu chini. "Mama alipokufa nilikula keki, Odineia. Mume alipoondoka nilikula keki. Sasa nikila keki moyo unakimbia, jasho linanitoka, naanguka. Walikata tumbo, huzuni hawakuigusa. Ile iko palepale inadai haki yake. Hii ya chupa inapita. Nikinywa kidogo tu, dunia inanyamaza. Kwetu sisi tuliopasuliwa inapanda upesi, hata hawakutuambia."

"Walituambia."

"Walituambia kama wanavyotuambia tutafune polepole."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu niliogopa, na niliogopa kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa nimeegemea. Nikamwambia aseme kwenye kikundi. Palikuwa mahali pekee tulipokuwa napo. Watu wale wangemwelewa. Wangempigia simu jioni kama alivyonipigia, mmoja leo, mwingine kesho, mpaka saa yake mbaya ipite. Mficha maradhi, kilio humuumbua, nikamwambia.

"Nisimame pale na ile suruali halafu niseme nini? Habari zenu, nimepungua nimekuwa mlevi?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Katangulize wewe neno kwa daktari," akasema. "Mimi sina mdomo huo." Marlucia kusema hana mdomo, hilo ndilo lililonitia hofu kuliko ile chupa.

Nikaenda kwa Daktari Tâmara. Sitamsingizia ubaya, alifunga mlango, akanishika mkono, akasikitika kikweli. Akasema kuna kituo cha watu wa pombe, atamwombea nafasi, ingawa na huko kuna foleni. Nikamwambia Marlucia hataki kituo, anataka wenzake.

"Odineia," akasema kwa ile sauti yake, "kikundi hiki ni cha wanaosubiri. Wana hofu tayari. Kuna wanaotafuta kisingizio cha kukimbia, na wakikimbia watakufa kwa sukari na moyo. Nawe unajua nawazika wangapi."

"Na waliokwisha kupasuliwa ni wa nani?"

"Aje," akasema. "Asiogope. Ila atangulize mazuri."

Marlucia alikuja, na mlangoni akaniahidi kwamba baada ya mazuri atasema na lile la chupa. Alikuwa amejipaka poda nzito na kuvaa miwani myeusi siku ya mvua, na alipoivua kidogo kujifuta niliona weupe wa macho umekuwa manjano. Nilimkalisha karibu yangu. Mkono wake ulikuwa baridi. Chumba kilijaa wapya, watu wazito wenye nyuso za watoto siku ya kwanza shuleni, na Daktari Tâmara alipomtaja, wote wakageuka kumtazama. Mwanamke mmoja wa mbele akamwomba amguse mkono tu, aone kama kweli mfupa upo chini. Marlucia akampa mkono. Yule mama akaushika akalia.

Nilijua palepale kwamba tumeshindwa. Marlucia alifungua kinywa. Akatanguliza mazuri. Akasema habari za suruali, za ngazi anazopanda siku hizi bila kupumzika, za kiti cha ndege kilichomtosha mara ya kwanza alipokwenda kumwona mwanawe Manaus. Watu wakacheka alipotaka wacheke. Nilimngoja afike kwenye lile jambo. Alinitazama mara moja, akatabasamu, akasema, "Na huyu Odineia wangu, mnamwona, naye anakuja nyuma yangu." Makofi yakapigwa, akarudi kukaa.

"Uliniahidi," nikamnong'oneza.

"Umeona walivyonitazama?"

"Marlucia."

"Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunitazama hivyo. Siwezi kuwanyang'anya tumaini lao, wala mimi siwezi kunyang'anywa macho yale. Mwezi ujao, shoga."

Mwezi uliofuata hakuja. Mimi ndiye nikawa nakwenda kwenye kona yake jioni, kwa sababu simu hapokei. Nilikaa kwenye kigoda cha wateja nikamsimulia upuuzi wa shuleni kwetu, mwalimu gani kagombana na nani, mtoto gani kaficha maharage mfukoni. Ziko jioni alizocheka na chupa ikabaki chini ya meza. Ziko jioni alizonifukuza mbele ya watu.

"Nenda kwako, wewe mnafiki. Ulinitaka nikiwa na nguvu za kukubeba. Sasa unakuja kunihesabia mafunda."

"Nitakwenda ukifunga biashara."

"Basi sifungi."

Nami nilikaa. Mtu mmoja hatoshi. Nataka mjue hivyo. Alinibeba mimi kwa sababu nyuma yake kulikuwa na foleni nzima, madaktari, mizani, makofi. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Ademir aliniuliza kama sasa nimehamia Jurunas, nikamwambia ndiyo.

Ini ndilo lililomchukua, kabla nafasi ya kile kituo haijapatikana. Alilala siku chache kwenye ukumbi wa wagonjwa, amevimba tumbo. Tumbo lile lile alilolipigania miaka yote lilirudi likiwa la maji. Nililowesha midomo yake kwa pamba. Siku ya mwisho aliniuliza kama yule mama aliyemshika mkono amekwisha kuitwa kupasuliwa. Nikamwambia ameitwa. Sikujua.

Kwenye msiba walimvika gauni la njano, wakalifunika lile tumbo kwa maua. Shangazi yake alisimama juu ya jeneza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Angalau kafa mwembamba," akasema. "Tazama uso. Kapendeza."

Waombolezaji wakaitikia. Mimi nikatoka nje nisije nikampiga mwanamke mzee msibani.

Jumatano iliyofuata ilikuwa ya kikundi, nikaenda. Nilitaka jambo lile litajwe kwa sauti mahali palepale lilipofichwa. Sikubeba suruali. Daktari Tâmara aliitazama mikono yangu mitupu, akaelewa, na namshukuru kwamba hakunizuia. Nilisimama nikawaambia yote. Nikawaambia kilichokuwa ndani ya chupa, na kwa nini. Nikawaambia kwamba yule aliyewachekesha kwa habari za kiti cha ndege alikuwa anakufa mbele yetu, na kwamba alituogopa sisi kuliko alivyoogopa kufa. Nikawaambia ukishapasuliwa usibaki peke yako na jambo lako, lilete hapa, hata likiwa baya, na mimi nitakuwa hapa kila mwezi kulipokea.

Wengine walitazama viatu vyao. Mvua ilikuwa inapiga juu ya bati.

Halafu mwanamke mmoja wa mbele akanyoosha mkono. Alikuwa mgeni, jina lake Edilena, mzito kuliko nilivyowahi kuwa mimi, anapumua kwa kazi hata akiwa amekaa. Moyo wangu ukainuka. Nilidhani ataniuliza Marlucia alikuwa mtu wa namna gani.

"Pole sana, dada," akasema. "Samahani kuuliza. Wewe mwenyewe umepungua kilo ngapi?"

Ningeweza kukataa. Lakini alikuwa ameinama mbele kwenye viti vyake viwili, na niliijua njaa ile machoni mwake, maana ilikuwa yangu.

"Hamsini na nane," nikasema.

Wakapiga makofi. Walipiga kwa moyo wote, kwa shukrani, kama watu waliokuwa wamezuiwa pumzi. Nami, na jina la Marlucia bado mdomoni, nikasikia mgongo unanyooka wenyewe na uso unafunguka, na ilikuwa tamu, tamu kuliko chochote nilichokionja tangu kisu. Sikuwanyamazisha.