Kipimo cha Masaitsiaq

Wenyeji wetu walikuwa wamesahau kayaki, mitumbwi myembamba ya ngozi ya mtu mmoja. Waliojua kuziunda walikufa wote kwa maradhi, wakaondoka na ujuzi wao, na tangu hapo kila kiangazi barafu ilipopasuka watu walisimama ufukweni wakiwatazama tu nyangumi wenye pembe wakipita. Sisi tulitoka ng'ambo ya bahari, na baba yangu, Imina, alikuja na ujuzi wa kayaki kichwani mwake.

Mama Inaluk alituazima ngozi sita za sili za kuvika kayaki ya kwanza, kwa sharti moja. Mwanawe Masaitsiaq aende nayo baharini na arudi. Akishindwa, ngozi zikatwe nyayo za viatu na yeye mama asisikie tena habari za mtumbwi. Nilizishona mimi, kwa hiyo sikulala vizuri.

Kayaki hufuata mwili wa mwenyewe. Baba alimpimia Masaitsiaq nyumbani kwao: urefu pima tatu za mikono yake, upana nyonga zake na ngumi mbili.

Siku ya kuishusha, kijiji kizima kilikuja. Masaitsiaq akaingiza miguu, akaketi, lakini hakufika chini. Akajisukuma, akajizungusha, akanasa kama kizibo. Baba akapauka. Mimi nikaitazama ile suruali nene ya manyoya ya dubu, nikakumbuka taa za mafuta zilivyoijaza nyumba joto siku ile ya kupima, na sisi sote, kama kawaida yetu ndani ya nyumba, bila nguo.

"Baba," nikamnong'oneza, "ulimpima akiwa uchi."

Aliyekuwa karibu alisikia, na kicheko kikasambaa hadi kwa mbwa. Mama Inaluk akaomba kisu chake, akate nyayo zake za viatu mapema.

Masaitsiaq aliwatazama nyangumi wakipuliza pale karibu. Akajichomoa, akafungua suruali.

"Mama, nishikie hii."

"Utaganda, mjinga wee."

"Basi nigandie huko huko baharini."

Akazama kwenye tundu kama mkono ndani ya glavu, akaondoka. Wanawake walicheka hadi wakakaa juu ya barafu. Naye alizunguka, akawatukana nyangumi kwa wimbo, akaitwa mara tatu, akajifanya hasikii. Mimi kwa kila kafi nilikodolea macho mishono yangu.

Alirudi midomo ikiwa ya buluu, akicheka asiweze kusimama. Mama yake alimvisha suruali, akaenda zake nyumbani. Aliporudi alikuwa na ngozi nyingine sita begani, akazitupa miguuni pangu.

"Hizi za kayaki ya mdogo wake," alisema. "Na huyo mdogo, mpimeni akiwa amevaa."